Nyumba ya Sampuli

Watu wanapenda kusema Bi Waridi aliponzwa na uzee. Sikubali. Bi Waridi alikuwa na akili kuliko nusu ya mtaa wetu, na kilichomponza ni akili hiyo hiyo. Angekuwa mjinga kidogo tu, angekuwa anakunywa kahawa barazani kwake mpaka leo.

Mimi ni fundi cherehani, jina langu Awadhi. Miaka hiyo cherehani yangu ilikaa kwenye baraza ya Bi Waridi, Kariakoo, karibu na soko, na chumba changu cha kulala kilikuwa humo humo ndani. Nyumba ilikuwa ya Kiswahili, vyumba sita na ukumbi katikati, uani jiko na choo. Marehemu mumewe aliijenga kwa miti na udongo, baadaye akaipiga plasta. Bi Waridi hakujaliwa mtoto. Alijaliwa nyumba. Akiumwa, nyumba ndiyo iliyompeleka hospitali, na sisi wapangaji ndio tuliomtilia maji ya kuoga. Alikuwa ameapa kwamba hatoki pale mpaka atolewe na jeneza, na mtu akimtajia habari za kuuza alikuwa anarudishiwa maneno ya kumtoa jasho.

Na waliomtajia walikuwa wengi. Ndiyo ilikuwa miaka ya soko huria. Makontena yalikuwa yanashuka kutoka Dubai, mitumba ilikuwa imeshaniua mimi na mafundi wenzangu wote, tukabaki kupunguza suruali za watu waliokwisha kufa Ulaya. Kila mwenye hela alitaka kiwanja Kariakoo ainue ghorofa. Nyumba kama ya Bi Waridi ilikuwa inatazamwa na watu hivyo hivyo mtu anavyomtazama kuku wa jirani karibu na sikukuu.

Aliyeitazama kuliko wote alikuwa Melkiori. Mtaani tulimwita Mangi, tunavyowaita wenye maduka wote waliotoka Kilimanjaro. Duka lake la misumari, mabati na rangi lilikuwa kona ya pili kutoka kwetu. Alikuwa mtu wa adabu sana, na nasema hivi makusudi, maana watu wakisikia mtu katili wanafikiri ni mtu wa kufoka. Mangi hakufoka kamwe. Idi ikifika alikuwa anamletea Bi Waridi sukari. Alimwamkia shikamoo kila asubuhi akiwa amevua kofia. Alishawahi kuuliza habari za nyumba zaidi ya mara moja, akakataliwa, akasema asante, na kesho yake akaamkia vile vile.

Basi mwaka ule wa mvua za El Nino, kabla mvua zenyewe hazijaanza, akaja binti. Alikuwa amevaa viatu vya raba na begi mgongoni, mkononi ameshika futi ya kupimia na kopo dogo la rangi.

"Shikamoo bibi," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Naitwa Brightness. Niko chuo, nasomea masta ya mipango ya maendeleo endelevu ya kanda."

"Ya nini?"

"Endelevu, bibi. Maendeleo yanayodumu."

Bi Waridi akanigeukia. "Awadhi, kumbe kuna yasiyodumu?"

"Ndiyo hayo tuliyonayo," nikasema.

Binti akacheka mpaka akakaa chini. Nilimpenda, siwezi kudanganya. Hakuwa na maringo ya wasomi. Alitueleza kwamba anataka kuandika jinsi Kariakoo inavyokua mpaka mikoa inakonda, jinsi kila gunia na kila kijana wa Singida na Lindi anavyovutwa kuja hapa, na kwamba nyumba za Kiswahili zikiondolewa zote, watu wa kima cha chini watatupwa pembeni na mji utakufa katikati. Alikuwa upande wetu kabisa. Hicho ndicho kinachonikera hadi leo, kwamba alikuwa upande wetu.

Hakuweza kupima nyumba zote, akasema, kwa hiyo alikuwa anachukua nyumba moja kila baada ya nyumba kadhaa, na hizo alizochukua anaziita sampuli. Ili asichanganyikiwe akirudi, kila nyumba ya sampuli angeiandika alama ukutani, herufi S na namba yake. Akafungua kopo, akachovya brashi, akaandika karibu na mlango wa Bi Waridi, S na nne. Rangi ilikuwa nyekundu.

Baadaye nilikuja kujua kwamba aliomba rangi ya bluu. Aliyempa kopo akamwambia bluu imekwisha, na nyekundu inaonekana vizuri zaidi kwenye chokaa. Aliyempa ni Mangi. Brightness alikuwa mtoto wa kaka yake, anaishi nyumbani kwake Magomeni, na anamwita baba mdogo. Hatukulijua hilo. Mangi alimshauri asitaje kwamba ni ndugu yake, maana watu wa mtaa wangempa majibu ya kumpendeza mwenye duka, na utafiti ungeharibika. Binti akaona ushauri wa maana. Hata vitabuni kwao, akasema, wanafundishwa hivyo hivyo.

Sasa sikia alivyouliza. Alianza vizuri: mnaishi wangapi, maji mnapata wapi, choo kinajaa mara ngapi. Bi Waridi alijibu huku anachambua mchele. Kisha likaja swali la mwisho.

"Bibi, ikitokea mkahamishwa hapa, mngependa kuhamia eneo gani?"

Mkono wa Bi Waridi ukasimama kwenye ungo. "Nani anatuhamisha?"

"Hakuna mtu, bibi. Ni swali la kufikiria tu. Kwenye mipango lazima tujue watu wanataka nini kabla jambo halijatokea."

"Jambo gani?"

"Lolote. Ni utafiti tu."

Mtu asiyekaa mji huu miaka ile hawezi kuelewa maneno hayo yalivyoingia. Kule barabara kuu, nje kidogo ya mji, nyumba za kandokando ya barabara zilikuwa zimebomolewa mwaka huo huo. Kwanza walikuja vijana na futi, wakasema ni utafiti tu. Halafu ikaja rangi nyekundu ukutani. Halafu likaja tingatinga alfajiri, na wenye nyumba walipolia wakaambiwa walishaonyeshwa alama, hakuna fidia. Kwa hiyo futi tulikuwa nayo, utafiti tulikuwa nao, na rangi nyekundu tulikuwa nayo. Kilichobaki kilikuwa tingatinga.

Ile S nayo watu walijadili siku nzima. Muuza kahawa alisema S ni Serikali. Mwingine akasema ni Sogea. Mimi nilisema binti mwenyewe katwambia ni sampuli, wakanicheka. Sampuli, waliniambia, ndiyo ile inayokatwa kwanza ili waone kama mtu atalia.

Brightness alipopita tena, wakamzunguka. Aliwaeleza. Aliapa. Alitoa kitambulisho cha chuo chenye picha yake. Lakini kadiri alivyokana ndivyo walivyozidi kuamini, maana wale vijana wa futi kule barabara kuu nao walikana. Mwishowe akachoka, akaandika kwenye daftari lake kwamba wakazi wana wasiwasi kuhusu usalama wa makazi. Alifurahi kuligundua hilo.

Jirani yetu Marcelino, ambaye nyumba yake iliandikwa S na tano, ndiye wa kwanza kuuza. Alikwenda kwa Mangi mwenyewe, kwa miguu yake, kuuza nyumba ile ile ambayo Mangi alipoitaja siku za nyuma alifukuzwa. Nadhani Mangi alielewa pale pale. Hakumuuliza Marcelino kilichombadilisha. Alimvutia kiti, akamwagizia soda.

Halafu mvua zikaja. Wote tunazikumbuka. Maji yalipiga kuta mpaka chokaa ikachuruzika, na zile alama zikaanza kupauka. Mtaa ukapumua. Watu wakaanza kusema labda mambo yameahirishwa, labda mkubwa kabadilishwa. Bi Waridi akarudia kuimba uani akifua.

Jioni moja kule Magomeni, Mangi akamwambia binti wa kaka yake, "Alama zako zinafutika, mama. Kazi yote itapotea. Chukua kopo lingine, na brashi pana kidogo." Hakumtoza senti. Binti akamshukuru sana. Haya alinisimulia Brightness mwenyewe baadaye.

Alikuja kesho yake. Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani nikimtazama akiipaka upya S yetu, kubwa kuliko ya kwanza, rangi inateremka kama machozi ya mtu mnene. Akatuaga kwa furaha. Akasema amebakiza kidogo tu amalize.

"Umesikia?" Bi Waridi aliniambia alipoondoka. "Amebakiza kidogo."

Hakulala wiki ile. Nilisikia bakora yake ukumbini ikienda na kurudi. Kisha asubuhi moja akaniita chumbani, akafunga mlango, akanieleza mpango wake, na nitasema wazi kwamba niliusifu. Nyumba inabomolewa, alisema, hilo limekwisha. Kulia hakusaidii. Kilichobaki ni kuamua ibomoke ikiwa mikononi mwa nani. Mangi ameitaka miaka yote. Mangi macho yake yako kwenye droo ya pesa, hana habari na kuta za watu. Na kama ameiona ile S, hajui maana yake, maana yeye analala Magomeni na maneno ya barazani hayamfikii.

"Na Marcelino?" nikauliza. "Yeye hakumwambia?"

"Marcelino amwambie ili iwe nini? Auze bure?"

Tukacheka wote wawili. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu mvua zianze.

Siku aliyoalikwa Mangi nilitundika gauni juu ya ile alama, gauni la dera la kijani, refu hadi chini, kama mafundi tunavyotundika kazi zetu ukutani. Mangi akaja na kofia mkononi. Aliamkia. Akaketi kwenye benchi, akaona halimtoshi, akainuka akaegemea ukuta, bega lake likigusa gauni kabisa. Jasho lilinitoka kwapani. Akalishika lile gauni kwa vidole viwili.

"Kitambaa kizuri hiki, fundi," akasema. "Mama Ansbert wangu angekipenda."

"Nitamshonea," nikasema.

Walizungumza bei. Bi Waridi alivuta, Mangi akavuta, wakakubaliana kwa bei ambayo kwa nyumba ya Kariakoo ilikuwa ya kutupa, ila kwa kifusi ilikuwa nzuri mno. Bi Waridi alijizuia asitabasamu. Na hapo Mangi akafanya jambo ambalo mimi nikikutana naye kesho akhera nitalitaja kwanza. Akaita wapangaji wawili waliokuwa uani, akatukalisha wote, akageuka kwa Bi Waridi kwa ile sauti yake ya pole.

"Mama yangu, mbele ya hawa. Kuna jambo lolote la nyumba hii ambalo napaswa kulijua kabla sijanunua?"

Hakuwa na haja ya kuuliza. Alijua hakuna jambo lolote. Nyumba haikuwa na kasoro hata ya msumari. Aliuliza ili aone kama mzee wa watu atadanganya.

Bi Waridi akatazama kanga yake. "Hakuna, mwanangu," akasema. "Nyumba haina kasoro."

Kwa kweli alikuwa anasema ukweli mtupu, naye alidhani anasema uongo mkubwa kuliko wote aliowahi kusema. Mangi akaitikia kwa kichwa, akashukuru, akavaa kofia.

Tulihama. Wapangaji walitawanyika kila mtu na lake. Bi Waridi alipata chumba Buguruni, nyuma ya gereji ambako tangu alfajiri mafundi wanagonga bodi za magari, choo cha watu wengi na mlango usiofunga. Mimi nilipata pembe ya kuweka cherehani karibu naye. Mwanzoni alikuwa mchangamfu. Kila gari kubwa likinguruma barabarani alisema hilo ndilo tingatinga linaenda kwa Mangi. Lakini tingatinga halikwenda. Nilipopita Kariakoo kununua nyuzi niliiona nyumba imesimama vile vile, madirisha yamezibwa, Mangi kaigeuza stoo. Mifuko ya saruji ilikuwa imejaa mpaka ukumbini. Nikamwambia.

Badala ya kushangaa, akaanza kuumia. "Masikini ya Mungu," alisema. "Kaweka mali yake yote humo. Itafunikwa." Kutoka siku hiyo mambo yakamharibikia. Hakula vizuri. Alisali akakaa sana kwenye mswala. Shaabani ilikuwa inakwisha, watu wanavunja jungu, na yeye alinambia hawezi kuingia Ramadhani na haki ya mtu shingoni. Alikuwa amekula mali ya mja kwa udanganyifu, mbele ya mashahidi, na mja mwenyewe alikuwa anamwamkia kila siku. Mungu husamehe ya kwake, alisema, ila ya watu lazima umwendee mtu mwenyewe akuhalalishie.

Niseme na yaliyokuwa yanatokea upande wa pili siku hizo hizo, maana ndiyo yanayouma. Msimamizi wa Brightness chuoni alikuwa mtu aitwaye Dakta Pranav, mzaliwa wa Upanga, mtaalamu wa miji, mwenye ulimi. Brightness alimpelekea ramani ya mtaa wetu. Nyumba zilizouzwa tangu aanze utafiti alikuwa amezipaka duara jeusi. Dakta Pranav akaitazama, akavua miwani.

"Nyumba za sampuli karibu zote zimeuzwa," akasema. "Zisizo za sampuli, hata moja haijauzwa. Zimeuzwa kwa nani?"

Brightness akasema kwa mtu mmoja.

"Basi mji wako hauna ugonjwa, binti. Ugonjwa ni wewe."

Alipouliza afanye nini, Dakta Pranav akamrudishia ramani na kumwambia aandike, sura hiyo ndiyo itakayompa masta, wenzake wote wameleta mambo ya kawaida. Hakumwambia aende kwa wenye nyumba. Halikumjia akilini, nadhani.

Bi Waridi aliniomba nimsindikize dukani kwa Mangi, Ijumaa, baada ya sala. Alivaa baibui safi. Mangi alituona akatoka nyuma ya kaunta, akavua kofia, akamwamkia, akamvutia kiti kile kile alichomvutia Marcelino.

"Sikuja kukaa," Bi Waridi akasema. "Nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi ya nini, mama yangu?"

Akamwambia yote. Rangi, alama, gauni, uongo. Akamwambia aondoe saruji yake kabla Serikali haijafika. Alisema bila kuficha na bila kujitetea, na mimi niliyetundika gauni nilisimama pembeni nikitazama misumari.

Mangi alisikiliza mpaka mwisho. Akainamisha kichwa, akajifuta uso kwa kitambaa. Angeweza kumwambia neno moja tu. Angesema, mama, hakuna kitu kama hicho, nenda kapumzike. Hata kama asingemrudishia nyumba, angemrudishia usingizi.

"Kumbe ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Mimi nikakuamini. Nilikuuliza mbele ya watu."

Bi Waridi akaanza kulia, kwa sauti ndogo ya mtu asiyezoea kulia mbele za watu. Akafungua mkufu wake shingoni, mkufu wa dhahabu aliopewa na mumewe, akausukuma juu ya kaunta. Akasema hana kingine cha kumfidia.

Mangi akausogeza kurudi. "Hapana, mama." Bi Waridi akausukuma tena. Mangi akapumua, akauchukua. "Sawa. Ili moyo wako utulie," akasema. "Nimekusamehe, Bi Waridi. Duniani na mbele ya Mungu. Tumemalizana."

Na Bi Waridi alimshika mkono akaubusu. Nilimwona. Njia nzima ya kurudi alikuwa mwepesi, anaongea, ananunua tende. Akaniambia hajaona Mkristo mwenye roho kama yule. Usiku ule alilala, na asubuhi akaniuliza kama nimesikia mafundi wa gereji wakigonga, maana yeye hakuwasikia.

Mkufu ulifika Magomeni kabla ya chakula cha jioni. Mangi aliuweka mezani mbele ya mkewe, akasimulia kisa cha bibi wa Kariakoo aliyekuja kuomba radhi, na watu wakacheka. Brightness hakucheka. Akamuuliza kama alijua tangu mwanzo.

"Nilijua nini?" Mangi akasema. "Nilimwambia mtu uongo gani? Walionificha ni wao. Na brashi alishika nani, mama?" Akamwongezea mchuzi.

Jumamosi binti akaja Buguruni. Sijui aliipataje nyumba. Bi Waridi alikuwa amekaa kwenye kigoda uani anakuna nazi, na alipomwona akafurahi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Na huku umekuja kuandika?"

Brightness akapiga magoti kwenye saruji, kwenye chembe za nazi. Akasema kila kitu, mbele yangu, tangu rangi ya bluu iliyokwisha mpaka mkufu mezani. Analia, anapangusa pua, anaendelea. Alikuwa mkweli kabisa, hakuruka hata kipande. Mimi nilikuwa nimesimama na mkasi mkononi.

Bi Waridi aliacha kukuna. "Nyumba ipo?" akauliza.

"Ipo, bibi."

"Haivunjwi?"

"Haikuwa ya kuvunjwa. Atakuja kuivunja yeye akipata vibali vya ghorofa."

"Na ile S?"

"Sampuli, bibi. Nilikwambia."

"Uliniambia," Bi Waridi akasema. Akaitazama nazi iliyobaki kwenye kifuu. "Uliniambia, na mimi nikaona nina akili."

Brightness akamshika miguu. "Nisamehe, bibi. Nihalalishie. Siwezi kula, siwezi kuandika. Nilitaka ujue ukweli."

"Ili niufanye nini?"

Brightness akazidi kuishika miguu yake.

"Nitarudishiwa nyumba?"

"Ameshabadilisha hati. Sidhani, bibi."

"Mkufu?"

Brightness akatikisa kichwa.

Bi Waridi aliitoa miguu yake mikononi mwa binti, polepole, mmoja kisha wa pili. Hakupandisha sauti. "Jana nililala mimi ni mwizi aliyesamehewa," akasema. "Sijalala vile tangu mume wangu afe. Melkiori alitaka nyumba, kaipata, namwelewa. Mtu anaweza kutaka nyumba. Wewe hapa leo umetaka nini? Umetaka ulale wewe. Ukaona usingizi uko kwangu, ukaja kuuchukua."

"Bibi, naomba."

"Sikuhalalishii."

Nilishtuka. Mwanamke aliyekwenda kubusu mkono wa Mangi kwa ajili ya Ramadhani, anamnyima radhi mtoto aliyepiga magoti, na mwezi unaandama kesho kutwa. Brightness alibaki vile vile, akidhani labda kuna neno lingine linakuja. Bi Waridi akaanza tena kukuna nazi.

"Awadhi," akasema, "msindikize mgeni."

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Njiani aliniuliza kama nafikiri bibi atabadilika moyo baada ya muda. Nikamwambia avuke upande wa pili, magari ya chuo yanasimama kule. Sikumchukia Mangi siku ile, nguvu zote za kuchukia nilizimalizia kwa binti yule. Masta aliipata mwaka uliofuata, na nilisikia sura ile ilisifiwa.

Kwa Mangi Bi Waridi hakurudi. Hakwenda mahakamani wala kwa sheikh. Angesema nini? Kwamba aliogopa herufi? Alifunga Ramadhani yote, siku ya Idi akapika pilau, akawaita majirani wapya wa uani, na walipomuuliza ilikuwaje akatoka Kariakoo kuja kuishi nyuma ya gereji, akawaambia. Aliwaambia Serikali ilitaka kubomoa nyumba yake, yeye akaiwahi, akamuuzia Mangi mmoja tajiri kifusi, akamtundikia gauni juu ya alama. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Akawaambia jinsi alivyokwenda mwenyewe kuomba radhi, na yule tajiri akamsamehe.

Amekisimulia kisa hicho miaka yote, Idi kwa Idi, misiba na harusi. Akifika hapo pa kusamehewa ananigeukia. "Awadhi alikuwepo," anasema, huku ananitazama usoni moja kwa moja. Nami ninasema ndiyo, nilikuwepo, alisamehewa mbele yangu.